Mfuko wa Tozammel Kwenye Foleni

Dhaka,
Ijumaa, baada ya sala

Kwako Baba, Mwalimu Yakub Prodhan,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Naomba barua hii ikukute umeketi mahali penye jua, maana baridi ya Gaibandha mwezi huu haina adabu, na kifua chako si cha kuchezewa. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie ile sukari guru aliyonifungia siku naondoka msibani bado ninayo. Naila na chapati asubuhi, kidogo kidogo, isije ikaisha. Mimi mwili ni mzima. Wenzangu wa chumbani wanakusalimu sana, hata wale usiowajua.

Barua yako niliipata kwa yule dereva wa basi jirani yenu. Umeniambia mambo mawili. La kwanza, ile picha ya gazeti ya ufunguzi wa maktaba umeitia fremu na kuitundika sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa mgongo wa mwanao Tozammel, mwenzangu wa chumbani, akiwa kitabuni. La pili, baada ya mavuno mdogo wake, Mintu, ataacha mabwawa yake ya samaki aje huku ashike nafasi ya kaka yake, naye afanye mtihani wa utumishi wa serikali. Unataka nimweleze maktaba ilivyo, asije akafika akabaki anashangaa. Nimeanza kukujibu mara kadhaa, kila mara nikachana karatasi. Leo sichani.

Nianze na habari za maktaba, kwa kuwa ndizo ulizoomba. Matengenezo yamekwisha, na kusema kweli pamependeza. Ukumbi wa kusomea una viyoyozi, taa hazizimikizimiki tena, na vile viti vya mbao vilivyotutoboa suruali vimetupwa. Kuna kompyuta mpya ukutani, na mlangoni kuna lango linalosoma kadi na kulia mlio kama wa kifaranga. Mkutubi mkuu alituhutubia kwa furaha akatuambia kwamba sasa majarida ya dunia nzima tunayo, ya udaktari, ya sheria, ya kilimo, mtu afungue tu asome. Tulimpigia makofi. Mpaka leo kompyuta zile tunazitumia kutazama kama matokeo ya mtihani yametoka.

Maana wanaojaza ukumbi ule, Baba, hawaji kusoma vitabu vya maktaba. Vitabu viko ghorofani vimetulia na vumbi lao. Sisi tunakuja na vitabu vyetu vya maswali na majibu: mto gani mrefu, mkataba gani ulitiwa saini mwaka gani, neno gani lina maana sawa na lipi. Tulikwisha kupata shahada zamani. Tunachokitaka pale ni kiti, kivuli na watu wa kuwaonea aibu, kwa sababu chumbani mtu hulala. Na hapo ndipo penye tatizo la ukumbi mpya. Viti vipya ni vipana na vizuri, kwa hiyo vimepungua.

Sasa Mintu angehitaji kujua foleni. Foleni yetu si ya watu, ni ya mifuko. Kabla ya adhana ya alfajiri unaweka mfuko wako kwenye ngazi za maktaba, nyuma ya mfuko wa mwisho, kisha unakwenda kuswali, kuoga, kunywa chai. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako anausogeza mfuko wako mbele, na wa nyuma yake anausogeza wake. Mlango ukifunguliwa na wewe bado hujarudi, jirani anakuingizia mfuko na kukuwekea kitini, na kiti hicho ni chako mchana kutwa. Hakuna anayeruka mfuko wa mtu. Mwenzetu mmoja aliwahi kufukuzwa kwenye mtihani kwa kuibia majibu, lakini hata yeye hagusi mfuko wa mwenzake ila kuusogeza. Tuna fahari na jambo hilo. Mara nyingi tumesema kwamba tungetawala nchi namna hiyo, ingenyooka.

Tozammel ndiye aliyekuwa akitutania. Mfuko wake mnaujua, ule wa buluu ambao Mama aliutia kiraka cha kijani kutoka kwenye sari yake. Alikuwa anauweka kwenye foleni, anaupigapiga mgongoni, anasema, "Huyu amehudhuria kuliko mimi. Akifaulu yeye, mpelekeni akawe mkuu wa wilaya, mimi nitambebea mwavuli." Tulicheka sana. Nilikuwa sijui kwamba nitakuja kuyachukia maneno hayo.

Unajua kwamba alikuwa amebakiwa na mtihani mmoja kabla umri haujamtupa nje. Alikuwa na hofu ambayo hakuwaonyesha nyinyi. Wiki ya ufunguzi alipata homa. Nilimwambia twende hospitali, kwa kuwa mji mzima ulikuwa unaugua dengi, ile homa ya mbu, na kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Akakataa. Akasema akilazwa, viti vitagawanywa bila yeye, na ukumbi mpya ukishamzoea mtu kwenye kiti hatoki tena. Aliniomba kitu kimoja tu, nimpelekee mfuko kwenye foleni. Nikaupeleka. Wenzetu wakausogeza. Niliporudi jioni nikamwambia kiti chako kipo, dirishani, akafurahi kama mtoto.

Halafu homa ikashuka. Baba, hapo ndipo ugonjwa ule unapomdanganya mtu, lakini sikujua, wala yeye hakujua. Mwili ulikuwa umepoa, akala wali na dengu, akaniambia kesho atakuja mwenyewe baada ya adhuhuri, akishapumzika. Kesho yake ilikuwa siku ya ufunguzi rasmi. Nikatoka alfajiri na mifuko miwili, wangu na wake. Alikuwa amelala amegeukia ukutani. Nilimuita, akaitika, nikaondoka.

Siku ile walikuja wageni wakubwa na wapiga picha. Afisa mmoja alipita kati ya meza akasema hataki kuona kiti kitupu pichani, kwani serikali haijajenga ukumbi ili uonekane umesusiwa. Akasimama mbele ya kiti cha Tozammel, akauliza mwenyewe yuko wapi. Tukamjibu kwa pamoja kwamba anakuja, yuko njiani. Akataka kukitoa kile kiti apewe mtu mwingine. Sote tukakataa. Tulimbishia afisa wa serikali, Baba, sisi tunaotetemeka mbele ya karani. Mwisho likapatikana suluhisho. Kuddus, anayefagia ukumbi na kuchemsha chai ya wakutubi, aliambiwa aketi pale mpaka picha zipigwe. Tukamvalisha koti la mwenzetu, tukamfungulia kitabu cha Tozammel, na mfuko wa buluu tukauegemeza kwenye mguu wa kiti. Kuddus akainama kama anasoma. Tulikuwa tunajizuia kucheka.

Mgongo ulioutia fremu ni wa Kuddus.

Nilitamani kukuambia siku ya mazishi. Ulikuja na gazeti limekunjwa mfukoni mwa koti, ukalikunjua mbele ya watu, ukaonyesha kiraka cha kijani, ukasema mwanao alikuwa kitabuni mpaka siku yake ya mwisho. Watu wakasema mashallah. Mama akauliza kama alikuwa na mtu karibu wa kumpa maji, nami nikamjibu kwamba sote tulikuwa naye. Ulimi ulijibu wenyewe, na nilipouona uso wa Mama umetulia, nikashindwa kuyarudisha maneno.

Ukweli ni huu. Nilirudi chumbani alasiri, baada ya hotuba na sambusa za wageni. Nilikuwa nimemwekea mbili kwenye karatasi. Nilimkuta sakafuni bafuni, damu inamtoka puani na kwenye fizi, mikono imekuwa baridi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, kwa hiyo nafikiri alijaribu kuita. Vyumba vyote vya ghorofa yetu vilikuwa vitupu, kwani kila anayeishi humo alikuwa ameketi maktaba. Nilimbeba mpaka barabarani. Hospitali ilikuwa imejaa, wagonjwa walilazwa kwenye mikeka ukumbini, naye tukampatia mkeka. Daktari, msichana mdogo mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliniuliza mgonjwa ameanza kulegea saa ngapi. Nikamwambia mara ya mwisho aliniitikia alfajiri. Akasema angeletwa asubuhi wangempa maji ya mshipani na huenda ingekuwa habari nyingine. Hakunikemea. Alfajiri iliyofuata Tozammel akatutoka.

Nimejitahidi kumtafuta wa kumlaumu. Sijampata, na hilo linaniuma kuliko kama ningepata jina la mtu. Wote tulimfanyia wema siku ile. Tulimsogezea mfuko, tukamtetea kiti, tukamtafutia hata mtu wa kukikalia. Na kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mfuko, kwa kuwa mfuko ulikuwa unasonga, hakuna aliyeuliza mwenyewe yu hali gani. Hata mimi niliyelala naye chumba kimoja, nilipotupa macho dirishani nikaona kiraka cha kijani, moyo ulinituma kwamba Tozammel yupo.

Ungedhani tumejifunza. Niliporudi kutoka kwenu nikaukuta mfuko wake, niliouacha chumbani, uko kwenye ngazi. Walikuwa wameuweka kila siku, wakiusogeza, wakiuingiza, wakiuketisha dirishani. Walinieleza kwa upole kwamba ni heshima kwa marehemu, nami sikuwa na nguvu ya kubisha. Kisha nikawaambia kuhusu barua yako na Mintu. Wakafurahi mno. Wakasema basi jambo limekaa sawa, nafasi ya kaka imemsubiri mdogo wake, atakuja na kuketi moja kwa moja. Mmoja alilia kwa furaha. Nami nikaona, wazi kabisa, Mintu amelala chumbani mwetu amegeukia ukutani.

Siku ya mazishi Mintu alinisindikiza mpaka stendi. Alinionyesha mabwawa yake njiani, akanieleza vifaranga wa samaki wanavyokula na namna anavyojua kwamba maji yamechafuka kabla hayajabadilika rangi. Nilimuuliza kama atafanya mtihani. Akaniambia, "Kusoma naweza, kaka. Ila Baba akisema niende, nitamkatalia vipi, na ndiyo kwanza amezika?" Hajanituma niyaseme haya. Akijua nimeyasema atanichukia, lakini heri anichukie akiwa huko.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo halikuwa langu kuliamua, na ukitaka kunikasirikia una haki. Alfajiri ya leo nilikwenda kwenye ngazi. Mfuko wa Tozammel ulikuwa umefika karibu na mlango kabisa, wameusogeza vizuri. Nikauinua. Kijana wa Bogura aliyekuwa nyuma yake aliniuliza kama Mintu amefika. Nikamwambia Mintu haji. Akanitazama, akasema, "Una uhakika, kaka? Ukishautoa, nafasi hairudi." Nikamwambia nina uhakika. Akausukuma wake mbele kwa mguu, na wa nyuma yake akausukuma wake, mpaka mwisho wa foleni. Pengo halikukaa hata kidogo.

Wangu niliuacha palepale. Usiniulize kwa nini, Baba. Mimi sina mabwawa ya samaki, na kwetu bado wananisubiri.

Picha ni yako. Siwezi kukuambia uishushe ukutani, wala sitamwambia mtu mwingine yeyote mgongo ule ni wa nani. Kuddus mwenyewe anajua, na tangu siku ile hakai tena kwenye kiti chochote cha ukumbi, hata kupumzika. Ila Mintu nakuomba umwache. Akija kwa lazima, nitampokea kama ndugu yangu na nitamlisha, lakini foleni sitamwonyesha.

Nisalimie Mama sana, na shangazi, na mashekhe walioongoza dua. Mwambie Mintu nimeuliza habari za maji. Niombeeni, nami nawaombea kila sala, marehemu kwanza kisha nyinyi. Mungu akupe subira na kifua chepesi.

Mfuko dereva atakukabidhi pamoja na barua hii. Sijatoa kitu ndani yake: vitabu vyake vimo, taulo limo, na zile sambusa mbili ziko chini kabisa, nilizitia humo usiku ule sikujua nizipeleke wapi. Mama asiufungue akiwa peke yake.

Wasalaam,
mwanao,
Mokarram