Mwanamke wa Vigae Katika Ukuta wa Saluni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijabeba nyundo nikaharibu kazi ya watu, maana mimi ni fundi wa kutengeneza picha za vigae, na mwenye saluni mmoja tunayemwita Mama Kioo aliniagiza ukuta mzima wa mandhari, milima, mto na njia inayopanda, mkabala na vioo ili wateja waione wakisukwa, nami nikaifanya kama siku zote, vipande unavigundisha kwenye karatasi kifudifudi, mgongo juu, ukishavibandika ukutani kwa saruji unalowesha karatasi na kuibandua, ndipo unapoiona picha yenyewe.

Basi nikabandua. Mama yangu we! Kwenye ile njia ya pichani kasimama mwanamke ambaye sikumchora, katupa mgongo, nguo yake ni vipande vyeupe vyenye ukingo wa buluu, na hivyo sikuvinunua popote, ni sahani ya marehemu mama, nikakimbia nyumbani kufungua kabati, sahani haipo.

Mama alifariki mwaka jana, kabla hajafa aliniita siku tatu, dada akapiga simu mpaka akachoka, nami nikawa najibu nikimaliza ukuta wa watu nakuja, nilipofika walishamzika, halafu mpaka leo wengine wote nyumbani nimewaambia simu iliharibika na dada, anayejua ukweli, kanifichia tu.

Sasa wateja wanasema ukutani unaona mgongo, lakini ukikaa kitini ukamtazama kwenye kioo unaona uso, mama mtu mzima mwenye kovu juu ya nyusi, na mama alikuwa na kovu hilohilo! Mama Kioo anacheka tu, "Shoga, wacha wee, watu wanajaa!" Mimi kile kiti sijathubutu kukikalia. Nimbomoe?

Fundi Asiyelala

*

Fundi, pole sana. Sasa nisikilize.

Sahani uliikata wewe. Angalia vidole vyako kama havina michubuko usiyoikumbuka. Mikono ilifanya jambo ambalo kichwa kilikataa, na hilo halinishangazi. Kinachoniudhi ni huo uongo wa simu. Umemwachia dada yako aubebe mwaka mzima, na bado unamkazia macho mkikutana? Huna haya!

Nyundo iweke chini. Ukimbomoa yule utakuwa umemkimbia mara ya pili. Nenda kwa dada yako leo, umwombe radhi, kisha wakusanye nyumbani useme ulichagua ukuta. Wakikutukana, tulia utukanwe. Kesho asubuhi, kabla wateja hawajaingia, kaa kwenye kile kiti, tazama kioo, sema, "Mama, nimekuja." Usijifunike uso.

Na usichelewe, nakusihi. Barua yako ilininyima raha, jana nikaenda pale kuosha nywele makusudi tu nijionee. Nilikaa, nikatazama. Kovu nimeliona. Mimi hakunijali hata kidogo. Alikuwa akiangalia mlango.