Kurasa Zako Nimezifuta, Papa

Papa wangu,

Jumanne asubuhi nilizifuta kurasa zako kwenye tovuti ya programu yetu. Zote kumi na moja. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa umestaafu uuguzi kule Ubundu, umehamia kwangu mimi binti yako, Mangobo, na kila siku ulinung'unika juu ya zahanati zisizojua zimebakiwa na dawa gani. Mimi na Justin, mwenzangu wa ofisini Makiso, tukatengeneza programu ya kuhesabu dawa, tukaiita Kabati. Tukaiweka wazi mtandaoni: yeyote aichukue bure, aone ilivyoundwa, airekebishe. Wewe ukauliza, "Na mutu akiiharibu?" Justin akacheka. "Ataharibu ya kwake, Papa. Ya kwetu itabakia."

Kisha ukachukua kazi iliyotushinda sisi wawili: maelezo kwa wauguzi. Nilikuwa nimeandika, "Chagua kipengele husika." Ukaisoma kwa sauti, ukavua miwani. "Nani anasemaka vile kule Ubundu? Andika: gusa jina ya dawa." Ukaenda huko kwa pikipiki, na goti lako bovu lile, ukakaa na wauguzi siku tatu, ukarudi na matope mpaka mabegani na daftari lililojaa masahihisho. Ulinisomea, mimi nikachapa. Nilipochoka nikataka turuke sehemu, ulikataa. "Kama Mama Astrida hajaelewa, kosa iko ya kwako, haiko ya kwake." Mama Astrida ndiye uliyemwachia zahanati.

Watu wa mbali wakaanza kutuandikia. Mmoja alirekebisha hiki, mwingine kile, watu ambao hatukuwahi kuwaona sura. Nilikusomea barua zao ukila, ukaniambia nirudie majina ya nchi zao. Nilidhani kweli tunajenga kitu.

Halafu malaria ikakuangusha. Tulikufikisha kituo cha afya asubuhi, mimi na Justin, wewe katikati yetu juu ya pikipiki. Muuguzi akafungua kompyuta na nikaitambua Kabati. Akaandika jina la sindano uliyohitaji. Ikatokea sifuri. Akaigeuza kompyuta nione mwenyewe, kama mtu anayeomba asilaumiwe. "Dada, iliisha tangu juma iliyopita. Tuliomba ingine, haiyafika bado." Uliinua kichwa, ukatazama.

"Bon," ukasema. "Inahesabu muzuri."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanifariji. Tulizunguka mji mzima kutafuta sindano ile, na tulipoipata ulikuwa huitambui tena sauti yangu.

Baada ya mazishi wale watu wa mbali walinyamaza mmoja mmoja. Hawakukosea, wana maisha yao. Justin naye amepata kazi Kinshasa. Alitaka toleo kubwa jipya la Kabati litoke kabla hajaondoka, na kabla ya toleo, tovuti isafishwe. Basi tukaanza. Picha za zamani tukaziondoa, viungo vya mtandao visivyofunguka tena tukavikata, ukurasa wa kwanza tukauandika upya. Tukafika kwenye maelezo yako.

Programu imebadilika, Papa. Zamani ilihesabu makopo, sasa inahesabu vidonge. Wewe umeandika, "Hesabu makopo, andika namba." Muuguzi akikufuata leo, kopo la vidonge elfu litaingia kama kidonge kimoja.

"Hatuwezi kuziacha," Justin alisema bila kuniangalia. "Mutu atakosea sababu ya sisi."

Nikamwomba tuziweke pembeni, na onyo juu yake.

"Nani anasomaka onyo?"

Ni swali ambalo ungeliuliza wewe. Nikazifuta mwenyewe, moja moja, kwa sababu sikutaka mkono wake ndio ufanye.

Nikaandika mapya. Yalinichukua siku mbili. Hayana kosa, na yamepoa kama chakula cha jana. Nikampigia simu Mama Astrida ili nimsomee, kama ulivyokuwa ukifanya. Alisikiliza sentensi mbili tu.

"Iko muzuri, mwanangu. Lakini batri ya sola ilikufa tangu mvua ianze. Sisi tulisharudi kwa karatasi."

"Na hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa na kilio. Alors, nikanyamaza."

Nikamshukuru. Nilipokata simu nikayaweka maelezo yale mtandaoni vilevile, kwa kuwa sikujua la kufanya nayo jingine.

Alhamisi toleo likatoka. Justin alinipa mkono, akaushika kidogo, akasema ataendelea kusaidia akipata nafasi. Tulijua sote wawili kwamba hataipata. Akaenda kufunga mizigo yake. Nikabaki kuupitia ukurasa wa kwanza mara ya mwisho, na nikaona unasema: sisi tunaitengeneza, sisi tunajibu maswali yenu, tuandikieni. Nikabadilisha kila mahali. Mimi ninaitengeneza. Mimi ninajibu. Niandikie. Nikahifadhi, nikakaa mbele ya kompyuta mpaka saa ya kufunga ofisi.

Hakuna aliyeandika.

Pumzika, Papa. Habari za kazi sitakuletea tena.

Binti yako wa kwanza