Sheria ya Siku Kumi na Tano

Jumatatu, 6 Oktoba

Gavana ameuliza leo: je, anaweza kumshinda jaji? Nikamjibu kwamba Katiba inasema hapana. Kwenye korido yetu lipo hata bango la mihimili mitatu ya dola, kila mmoja na rangi yake, kwa ajili ya watoto wa shule wanaokuja kutembelea. Bosi wangu, Bwana Cottrell, akanivuta pembeni. Corinne, hujaulizwa kama inaruhusiwa. Umeulizwa iandikwe vipi.

Haya.

Ni ile kesi ya Janelle Stroud. Miaka kumi na tatu kitandani, macho wazi, hamjui mtu. Mume anasema aachwe aende zake, wazazi wanasema bado yupo. Mahakama zote zimempa mume ushindi, na Jumamosi mrija wa chakula ulitolewa. Tangu hapo simu za ofisi hazinyamazi. Kuna watu wamepiga magoti kwenye ngazi zetu na mabango. Na Gavana ana uchaguzi mwakani — lakini hilo hatulisemi.

Kwetu mambo yamekwisha kimya kimya, nashukuru. Ijumaa jaji wa kaunti aliruhusu Baba atolewe mrija Jumatatu ijayo. Miaka miwili tangu kiharusi! Karatasi hakuacha hata moja. Na mimi ndiye niliyewaandikia wasia watu wa jengo zima, hadi mlinzi wa getini. Kila nilipompelekea fomu aliisukuma kando akaendelea kumenya karanga zake za kuchemsha. Nina mwanasheria ndani ya nyumba, karatasi ya nini? Alisema kwa mdomo tu, pale kibarazani: nikifika huko, usinitunze kama mboga kwenye friji.

Jaji aliniamini, mimi mlezi wake kisheria. Aliyekuwa akipinga ni mdogo wangu, Lamar. Baada ya hukumu alinikumbatia mlangoni. Basi, dada, yameisha. Alilia sana. Nami nililia.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandika kutwa. Gavana ataweza kuamuru mrija urudishwe iwapo: moja, mgonjwa hakuacha maandishi, mbili, mahakama imeamua hatazinduka, tatu, mrija umeshatolewa, nne, kuna ndugu wa damu anayepinga. Sheria ya watu milioni kadhaa, na inamtosha mtu mmoja tu. Fundi cherehani angenionea wivu.

Nimeziba na mianya. Mlezi wa mgonjwa lazima asaini kwamba amepokea amri. Na akikataa? Niliwaza kidogo huku nakula sandwichi, nikaandika: akikataa, itahesabiwa amepokea baada ya saa moja. Bwana Cottrell amecheka hadi akakohoa. Corinne, wewe ni mtu hatari!

Nimefurahi aliposema hivyo. Niwe mkweli, daftari hili si langu mwenyewe?

Alhamisi, 9 Oktoba

Imepita! Mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, mchana mmoja. Mheshimiwa mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyeisoma, wenzake wakamzomea.

Ila asubuhi Bwana Cottrell alikuja mbio. Sheria ya mtu mmoja wataitupa mahakamani siku hiyohiyo, akasema. Ongeza siku, ionekane ni ya watu wote. Siku ngapi? Kumi na tano zinatosha. Kwa hiyo sasa inamhusu yeyote atakayetolewa mrija ndani ya siku kumi na tano.

Vidole vilisimama juu ya kibodi. Jumatatu, tarehe 13. Nilihesabu, nikahesabu tena. Maandishi, hakuna. Mahakama, ndiyo. Mrija, ndiyo. Ndugu anayepinga — hapana, Lamar amekubali. Alinikumbatia! Sharti la nne halipo. Nikabonyeza, ikaenda.

Gavana ametia saini kwa kalamu kumi na nane, kila moja ikiandika kipande kidogo cha jina lake, kisha akazigawa kama peremende. Wazazi wa Janelle wamepewa mbili. Mimi nimepewa moja, ndani ya kiboksi cha buluu. Jioni gari la wagonjwa lilimchukua Janelle kwenda kurudishiwa mrija, kamera nyuma yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mpira. Mji mzima umevaa rangi moja, barabara hazipitiki. Lamar amepiga simu — ameniona kwenye televisheni nyuma ya Gavana. Dada, ile si ndiyo kazi yako? Nikasema ndiyo. Akasema nilipendeza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wameutoa saa nne asubuhi. Verna, muuguzi wake, alimfuta mdomo, akamchana nywele kama anakwenda kanisani. Sura ya Baba bila ule mkanda wa plasta! Nilikuwa nimeisahau. Wanasema siku kumi, labda kumi na mbili.

Lamar hakuja. Nikajiambia ana uchungu.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakuwa na uchungu. Alikuwa kwenye foleni ofisini kwetu, akimwombea Baba amri ya Gavana.

Amepiga simu mchana. Dada, nimeisoma sheria yako yote, mara tatu. Umeiandika vizuri, hata mimi fundi bomba nimeielewa. Nikamwambia, Lamar, ulikubali. Akasema: nilikubali kwa sababu jaji ndiye alikuwa wa mwisho. Kumbe si wa mwisho. Umesema wewe.

Nimempigia Bwana Cottrell. Akasema: tukimkatalia ndugu yako, magazeti yatasema kumbe ilikuwa ya Janelle peke yake. Unaelewa, Corinne. Naelewa! Siku hizo kumi na tano niliziandika mimi. Na mahakamani? Wanasheria wa mume wa Janelle wamefungua kesi, akasema, watashinda, hata wewe unajua, baada ya mwaka hivi.

Mwaka. Baba, nisamehe.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika chumbani kwa Baba. Saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Naibu wa sherifu ameingia saa tano kamili, kofia mkononi, mtu mstaarabu kabisa. Saini hapa, mama, ni kwamba umeipokea tu. Watu wa gari la wagonjwa wako koridoni na machela. Verna amenishika mkono: wewe si mwanasheria? Hakuna mlango wa kupitia? Nimemwambia ilikuwepo mitatu. Niliifunga yote Jumanne ya wiki jana.

Nimekataa kusaini. Naibu akageuza ukurasa, akasoma polepole kwa kidole, akatazama saa yake. Kumbe una saa moja, mama. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Saa moja. Niliitoa kama mzaha, na sasa ndiyo mali yote niliyo nayo. Nilipapasa mkobani nikapata kalamu moja tu, hii ya Gavana. Inaandika vizuri.

Lamar ameingia sasa hivi. Hanitazami. Amebeba mfuko wa karanga za kuchemsha, bado za moto, chumba kizima kinanukia kama kibarazani kwetu. Anasema Baba akizinduka atazitaka. Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nimesogeza kiti, amekaa, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa Baba.

Lamar ananiuliza zimebaki dakika ngapi. Nami nahesabu.