Koti Lako Katika Ofisi ya Bima

Baba Achieng' wangu,

Achieng' ameanza kutembea. Anashika ukuta, anacheka mdomo upande, kama wewe kabisa. Nimeanza na hilo kwa sababu yanayofuata ni machafu.

Unamkumbuka ajenti wa bima, yule aliyekuja kwetu Otonglo akala samaki wetu, ngege mzima, mpaka akafyonza kichwa? Mimi nilinung'unika, hiyo pesa ya kila mwezi si tungenunua mabati? Ukanicheka. "Nyar Asembo, siku nikianguka hutaomba mtu." Naye akajipangusa mafuta mdomoni: "Shemeji, sisi ni familia sasa."

Ulipotutoka, familia hiyo sikuiona matangani.

Nilienda ofisini kwao mjini nikiwa bado naomboleza, nimevaa koti lako jinsi mjane wa kwetu anavyovaa, wala hampi mtu mkono mpaka desturi ziishe, mtoto mgongoni. Karani, kijana wa kwetu, wa Ahero, kuliona tu koti akaruka nyuma ya kiti.

"Mama, usiingie! Unataka kuniletea mkosi? Maliza matanga kwanza, ndiyo uje."

Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Nikarudi nyumbani.

Desturi zikaisha, nikalikunja koti sandukuni, nikaenda tena. Karani ni yule yule. Sasa akanipa kiti, sauti laini kama mafuta. "Pole, mama. Umechelewa. Muda wa kudai umepita."

"Si wewe ulinifukuza?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani. Kampuni haijui matanga."

Baba Achieng', umesikia? Desturi ya kunifukuza anaijua, ya kunilipa haijui! Nikamwona akilini yule ajenti na kichwa cha samaki. Mdomo ni ule ule.

Jana nikalitoa koti. Bado linanuka wewe, sabuni na grisi ya kiwandani. Nikaingia bila kubisha, nikakaa, nikaweka mkono juu ya meza yake. Watu kwenye benchi wakahama.

"Mama, tafadhali, toka."

"Kwa nini? Kampuni haijui matanga. Hili ni koti tu."

Mama mmoja akapiga kelele, "Kijana, mlipe kabla hajakusalimia kwa mkono!" Wakacheka mpaka meneja akatoka. Nikamwambia mbele ya wote: nilikuja mapema, huyu akanifukuza mlangoni.

"Ni kweli?" meneja akauliza.

Karani akaliangalia koti. Angenidanganya mimi, lakini mbele ya koti la marehemu aliogopa.

"Ni kweli," akasema, chini chini.

Meneja akaweka sahihi hapo hapo. Nichukue hundi Ijumaa. Mabati nitayanunua, na Achieng' atapata viatu, maana ukuta atauacha karibuni. Ijumaa koti nitalibeba mkononi. Wakinizungusha, nalivaa.

Lala basi, mume wangu. Sikuomba mtu.

Mkeo,
Nyar Asembo