Ndani ya Konokono wa Jiwe

3 Februari

Kwa mwanangu Kidole,

Pokea salamu za baba yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kazi ya kufua hapo hospitalini haikuchoshi kupita kiasi. Mimi hapa sijambo. Ningekupigia simu, lakini unayajua masikio yangu. Miaka arobaini ya kugonga mabati imeyamaliza, na sauti ya simu kwangu ni kama nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo naandika.

Tangu ulipokuja Novemba, siku mbili baada ya kumzika mama yako, ukaondoka kesho yake, hatujaandikiana. Najua una hasira nami. Hata hivyo nina habari ambayo sina mtu mwingine wa kumpa.

Jumamosi nilikwenda kwenye ile bustani ya sanamu. Miaka yote mama yako alikuwa akiyasugua mawe ya yule mchongaji, pale kibandani uani kwetu. Yakitoka hapa kwa mkokoteni yanakwenda kusimama kule, na mimi sikuwahi kukanyaga. Mama yako alikuwa akiniambia, "Twende siku moja uyaone yakiwa yamesimama." Nami namjibu nina ndoo sita za watu. Ndoo hizo sasa siikumbuki hata moja.

Ukiingia kuna ukumbi mdogo wenye meza nyeupe. Juu yake wameweka mawe madogo: jani lililojikunja, ganda la mbegu, chura. Nyuma ndiyo bustani yenyewe, nyasi na bwawa, na mawe makubwa yamesimama kana kwamba yameota hapo. Kuna ndege aliyelala, kichwa chini ya bawa. Nilimjua mara moja, maana alilazwa mlangoni kwetu miezi minne na nilikuwa nikimruka kila asubuhi. Nikamwambia, "Kumbe uko huku wewe!" Watu wawili wakageuka kunitazama.

Kila jiwe lina kibao chenye jina la mchongaji. Jina la mama yako halipo popote. Sikukasirika. Hata ndoo haiandikwi jina la fundi.

Kisha nikamwona konokono. Ni yule wa mwisho, mkubwa kama ndama aliyelala, aliyemaliza mwaka mzima kibandani. Nikakumbuka fungu lako. Tangu ulipokuwa na miaka mitano mama yako hakumaliza jiwe lolote peke yake. Akishapitisha msasa mkavu, msasa wa maji, moto na nta, alikuwa anaacha mahali padogo kama kizibo cha chupa, mahali pasipoonekana, halafu anaita, "Kidole, njoo uchukue fungu lako!" Nawe unakuja na kipande chako cha msasa kilichokatwa kwa mkasi, unasugua kwa kidole kimoja, ulimi nje. Ndipo jiwe linasemwa limekwisha.

Nilitaka kuingiza mkono kwenye mdomo wa gamba nione kama fungu limebaki. Mlinzi wa pale, mama mmoja mnene, akapuliza filimbi mpaka hata mimi nikaisikia. "Mzee! Mkono! Unapapasa kama unachagua nanasi!" Nikatoka kama mwizi.

Nitarudi. Nawe andika, japo mistari miwili.

Baba yako

25 Februari

Kwa mwanangu Kidole,

Habari za siku nyingi? Sijapata jibu lako, labda barua imekawia njiani. Mimi sijambo. Mvua imenyesha kidogo, paa la kibanda halivuji.

Nimekwenda bustanini Jumamosi zote tangu nilipokuandikia. Yule mlinzi amenizoea. Juzi aliniuliza, kwa sauti ya kupasua ukuta baada ya kujua sisikii vizuri:

"Mzee, kwani huyo konokono ana deni lako?"

Nikamweleza kwamba mke wangu ndiye aliyemsugua.

"Huyu mmoja?"

"Wote. Miaka kumi na tisa."

Akageuka akayatazama yale mawe, moja moja, kama mtu anayehesabu watoto. Kisha akasema, "Basi mimi sasa naliangalia bwawa. Nikigeuka, mkono uwe mfukoni."

Fungu lako lipo, mwanangu. Mkono unaingia mpaka kiwiko. Kote ndani ni laini, halafu ghafla, upande wa kushoto, unakuta mahali panapokwaruza kama ulimi wa paka.

Unaikumbuka siku ile. Ulikuwa umeshafunga sanduku kwenda kuanza kazi. Mama yako akakuita kibandani, nawe ukamwambia, "Mama, mimi si mtoto wa kupewa kijiwe nicheze. Sugua mwenyewe." Ukaondoka, naye akakaa kwenye kile kiti chake kifupi mpaka jua likamfikia. Mchongaji alipokuja kuchukua jiwe nilimwambia mama yako amalizie tu, ni kazi ya nusu siku. Akanijibu, "Si langu." Likaondoka hivyo hivyo.

Sasa sikiliza sababu ya barua hii. Konokono amepata wenyewe, watu wa mbali sana. Tarehe thelathini Aprili wanamfunga kwenye sanduku la mbao, na akishakwenda hatutamwona tena. Mlinzi amezungumza na mkubwa wake, amekubali uje umalizie. Nimekutengenezea kikebe cha bati chenye mfuniko. Ndani nimeweka msasa wa aina tatu, nta, na kile kitambaa cha mama yako cha kung'arishia. Kikebe kiko kwa mlinzi, chini ya kiti chake. Ukifika, mwambie unataka kikebe cha fundi bati.

Njoo, mwanangu.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zimefika. Ya kwanza haikukawia. Nilipofika kwenye "mimi hapa sijambo" niliikunja nikaiweka.

Nimezitoa barua zako za mwaka jana na kuzipanga kitandani. Ya Juni inasema, "Mimi na mama yako hatujambo." Ya Julai, "Mama yako hajambo, anakusalimu." Ya Agosti, hatujambo. Ya Septemba, "Mama yako hajambo, ila kikohozi kidogo cha vumbi la mawe." Nilipokuja Novemba, jirani aliniambia kwamba Septemba hiyo mama alikuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa mito.

Baba, mimi kazi yangu ni mashuka. Kila siku yanapita mikononi mwangu mashuka mia mbili ya mama za watu. Nimefika mahali nikilifungua shuka najua huyu anapona na huyu haponi. Wenzangu wananitania kwamba nimekuwa daktari wa ndoo. Na mama yangu mwenyewe sikumfulia hata shuka moja, kwa sababu nilikuwa na barua yenye mwandiko wa baba yangu inayosema hajambo.

Nilimjibu vibaya siku ile. Nilijua nimemjibu vibaya kabla basi halijaondoka. Nikajiambia nitakuja likizo ya Desemba, nimwombe radhi, tusugue pamoja. Nilidhani muda upo. Wewe ulijua haupo.

Halafu unaniandikia habari za konokono.

Kama unataka nikujibu tena, usiniandikie kwamba hujambo. Andika ulivyo.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Asante kwa kuniandikia. Umetaka nilivyo, nitajaribu, ingawa sikuzoea.

Goti la kulia limevimba. Sikio la kushoto limekufa kabisa. Napika chakula cha watu wawili, nasahau kila mara, na kesho yake nakula kile cha mtu wa pili. Kitandani nalala upande wangu, sijausogelea ule wake. Kile kiti kifupi kiko pale pale kibandani, nafagia kukizunguka. Siku sita za wiki sizungumzi na mtu, na siku ya saba nazungumza na mlinzi, naye huniambia nitoe mkono.

Zile barua ni kweli niliziandika. Ya kwanza, mama yako alikuwa amelala karibu yangu, akasema, "Usimshtue. Kazi ndiyo kwanza ameipata, akija ataipoteza, na mimi nitapona." Nilimwamini. Lakini ya Septemba sikumwamini, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si mwake. Niliogopa kwamba nikiliandika lile neno nitakuwa nimelikubali. Kosa hilo ni langu. Usimgawie mama yako.

Siku za mwisho alikuwa akisugua ukingo wa shuka kwa kidole kimoja, polepole, macho yamefumbwa. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Namfanyia Kidole." Hapo ndipo nilipokwenda kwa jirani akupigie simu. Nilichelewa. Niliporudi chumbani nilikuta mkono wake umetulia.

Sikukuambia haya Novemba. Ulisimama mlangoni na begi begani.

Nisamehe ukiweza. Na usipoweza kunisamehe, njoo umalizie fungu lako hata hivyo. Hilo ni la mama yako, halihusiani na mimi.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, mara nyingine stoo, katikati ya mafungu ya mashuka, mahali pasipo na mtu wa kuniuliza nina nini.

Asante kwa kuniambia. Ningependa kukuandikia kwamba yamekwisha, lakini tumeshakubaliana kuandika ukweli. Siwezi kuja nyumbani. Nikikiona kile kiti nitakuuliza tena kwa nini, nawe utanijibu tena, na sijawa tayari kuisikia sauti yako ikisema yale uliyoyaandika. Kwenye karatasi naweza kuyakunja.

Usiningojee stendi. Najua utakwenda hata nikikukataza, ndiyo maana nakuambia. Goti lifunge kitambaa chenye maji ya moto, asubuhi na jioni, usilidharau.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu Kidole,

Hujambo? Goti langu limepungua, kitambaa kinasaidia. Moyo leo siwezi kuusemea.

Juzi, tarehe thelathini, nilikwenda kumuaga konokono. Vijana wanne walikuja na mbao na nyasi kavu. Niliwaomba waningoje kidogo. Mkubwa wao akauliza mimi ni nani, mlinzi akamjibu kabla yangu, "Huyo ni mwenye jiwe." Nikaingiza mkono, nikaupeleka kushoto.

Sikupata kitu cha kukwaruza. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, nikadhani nimekosea upande. Kote laini kama ndani ya shavu. Nilipoutoa mkono, ncha za vidole zilinata, zikanukia nta.

Nikamgeukia mlinzi. Akaanza kulitazama bwawa.

"Siku mbili zilizopita," akasema. "Alikuja tulipofungua geti. Amevaa sweta juu ya sare ya kazi. Akasema, naomba kikebe cha fundi bati. Akakaa kwenye nyasi, mkono ndani ya konokono, mpaka saa ya kufunga. Hakula. Mzee, niliangalia bwawa siku nzima, mpaka leo shingo hii haigeuki."

Nikamuuliza kama ulisema neno.

"Nilimwambia baba yake anakaa karibu, nimtume mtu akamwite? Akasema hapana. Akasema, mwambie tu limekwisha."

Kutoka bustanini hadi kwetu ni nusu saa kwa miguu. Kwa goti langu ni saa nzima. Siku hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni tangu asubuhi, nagonga mshikio wa ndoo ya mtu. Nilipofika nyumbani juzi nilikaa tena mahali pale pale, nikatazama njia, nikajaribu kukumbuka kama kuna aliyepita kwa mbali mwenye sweta. Sikumbuki. Nilikuwa nimeinamia ndoo.

Sikulaumu. Nilikuambia uje hata usiponisamehe, nawe umekuja. Kazi yako ni safi, mama yako asingepata pa kurudia. Umesafiri mbali kwa kidole kimoja, na najua basi la kurudi lilikuwa refu zaidi.

Walimfunga konokono, wakapigilia mbao, gari likaondoka taratibu. Kwenye nyasi limebaki duara la udongo mweupe. Mlinzi akaniuliza, "Sasa Jumamosi utakuja kumpapasa nani?" Nikamwambia kuna yule ndege aliyelala, naye ana fungu lake mahali, sijalipata bado. Akasema atalizoea bwawa.

Kisha akainama chini ya kiti kunitafutia kikebe, akakikosa, akaniomba radhi. Alidhani ulikirudisha, kikapotea. Nikamwambia asihangaike, mwenyewe amekwenda nacho.

Kitambaa kilichomo ni cha mama yako, kitunze. Lakini kikebe nilikigonga mimi. Ukitazama pembeni mwa mfuniko utaona alama ya nyundo, mahali nilipokosea siku ile kwa kuwa nilikuwa nakuwaza. Ukikitumia kuwekea sindano au vifungo, na ukapitisha kidole hapo, nikumbuke na mimi.

Baba yako