Saini Zangu Mbili

Sofia,
Jumapili, 25 Novemba 2018

Kwako Rumyana, mwenzangu wa tangu utotoni,

Nakusalimu wewe, mumeo Asen na mama mkwe wako, nikitumaini kuwa barua hii inawakuta wazima, na kwamba kuni zimekwisha kupasuliwa kabla theluji haijafunga barabara ya huko kwenu milimani. Mguu je? Kwenye kadi ya Pasaka ulisema baridi ikianza unakuamsha kabla ya jogoo. Jemu ya waridi mwitu imefika salama, gudulia halina hata ufa, na nakushukuru. Mimi mwenyewe si mgonjwa, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana mara nne. Leo naandika bila kuinua kalamu, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Unajua kwamba tangu niache jukwaa nafanya kazi ya ukaguzi wa shule za sanaa. Mwezi uliopita, wizara ilipanga ukaguzi wa shule yetu ya zamani ya baleti. Kwa desturi mtu hatumwi kukagua shule iliyomlea, lakini mwenzangu alikuwa amefanyiwa upasuaji, nami nikajitolea kwenda. Nilijiambia ni wajibu. Kumbe nilitaka tu kuonekana nikiingia kwa mlango wa mbele, mlango ambao wanafunzi hatukuruhusiwa kuupita.

Nilifuatana na Daktari Filipov, bingwa wa mifupa, mtu wa maneno machache ambaye baleti aliijua kwenye televisheni tu. Kazi yetu ilikuwa na sehemu mbili: kupima ubora wa mafunzo, na kupima hali ya wanafunzi, yaani wanakula nini, wanalala vipi, na wakiumia wanatendewaje.

Dragieva bado yupo, Rumyana. Yule mwalimu wetu sasa ndiye mkuu wa shule. Ana miaka sitini na sita na mgongo umenyooka kama fito. Zamani tulimwita "ndugu mwalimu", siku hizi anaitwa "madam". Alinishika mashavu mbele ya walimu wote akasema, "Tsveta wangu. Umenenepa, mwanangu, lakini uso bado upo." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nina miaka arobaini na saba, na palepale nilivuta tumbo ndani.

Siku ya kwanza tulikaa ukumbini tukitazama madarasa. Mafunzo ni ya hali ya juu, siwezi kusema vinginevyo. Wasichana kumi na wanne waliinua mguu kwa pamoja na kuushusha kwa pamoja, na nilipofumba macho nilisikia kishindo kimoja tu sakafuni. Hata daktari, asiyejua lolote, aliacha kuandika. Nilijaza alama za juu kila mahali, na sijutii hata moja kati ya hizo.

Mchana tukaenda bwaloni. Pale mlangoni pana mizani. Kila Jumatatu asubuhi wanapimwa, na namba zinasomwa kwa sauti mbele ya wote. Dragieva alitueleza kwamba yeye hamnyimi mtu chakula, kila mtoto anajipimia mwenyewe. Na kweli walijipimia. Supu vijiko vitatu, mkate haukuguswa, mtindi wakausogeza pembeni. Daktari alimwuliza msichana mmoja alikula nini asubuhi.

"Chai ya maua, daktari."

"Chai na nini?"

"Na chai," akajibu, na meza nzima ikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Mimi nilitabasamu, kwa maana mzaha huo naufahamu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiutoa wakati wetu, ila wewe ulikuwa ukisema maji na maji.

Siku ya pili tuliwagawia wanafunzi karatasi wajibu maswali bila kuandika majina. Daktari alizisoma zote, kisha akaniambia, "Watoto arobaini, ulimi mmoja." Karibu wote walikuwa wameandika kwamba shuleni wanapendwa kama nyumbani, kwa maneno yale yale na kwa mpangilio ule ule. Halafu akaona kwenye daftari la mahudhurio jina la mtoto ambaye hatukuwa tumemwona: Yoana Tsankova, miaka kumi na mitano, hayupo wiki ya pili. Akaomba kitabu cha muuguzi. Humo iliandikwa kwamba Yoana amevunjika mfupa wa mguu kwa kuruka ngazi za bweni, na shahidi ni Simona, msichana anayelala naye chumba kimoja.

Tulimwita Simona kwenye chumba cha piano. Alisimama mbele yetu mikono nyuma, akitazama juu kidogo ya nyusi zangu. Alisema, "Aliruka ngazi tatu kwa mpigo. Tulikuwa tunacheza tu. Mimi nilimwambia asiruke." Daktari akamwuliza tena, naye akarudia vilevile, bila kuongeza wala kupunguza neno. Kisha mimi nikamwuliza Yoana alipangiwa kucheza nafasi gani kwenye onyesho la Januari. Akasema ile ya mbele. Nikamwuliza ni nani anayeicheza sasa. Shingo yake ikawa nyekundu hadi masikioni.

"Mimi," akasema.

Nilifunga daftari nikamshukuru na kumwambia aende darasani. Alipotoka daktari aliniambia kwamba hajaona ngazi iliyovunja mfupa namna ile. Picha ya eksirei iliyokuwa ndani ya kitabu cha muuguzi ilionyesha ufa mwembamba wa mfupa uliochoka kidogokidogo kwa wiki nyingi, mtoto akiendelea kuusimamia. Kwa maoni yake Yoana alilalamika na hakuna aliyemsikiliza. Akaniuliza mimi ninaonaje, kwa kuwa ndimi niliyelelewa pale. Nikamjibu kwamba watoto huruka ngazi. Nilisema hivyo, Rumyana, kwa sauti ya kawaida kabisa, na yeye akaniamini.

Jioni ile Dragieva alinialika ofisini kwake, kahawa na peremende za lokumu mezani. Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Sisi tunafahamiana, Tsveta. Ulikuwa mtoto mwenye akili. Ulijua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza." Siku ya tatu tukaandika ripoti. Ubora wa mafunzo: bora kabisa. Hali ya wanafunzi: inaridhisha. Nilitia saini mimi kwanza, daktari akafuata.

Ningetamani niseme kwamba dhamiri ilinishika mkono. Haikunishika. Nilirudi Sofia, nikapika, nikaenda kutengeneza nywele. Wiki mbili baadaye mama yake Yoana akampigia simu daktari. Ni mama anayeuza mikate, hana mume, na alikuwa amepokea barua kutoka shuleni. Barua ilisema kwamba Yoana asiporudi mazoezini mwanzoni mwa Januari jina lake litafutwa, na kwamba malalamiko ya mzazi hayana msingi, kwa kuwa wakaguzi wa wizara wamechunguza tukio na hawakuona kosa. Maneno ya ripoti yetu yalinukuliwa, na majina yetu mawili yakaandikwa chini yake.

Tulikwenda kumwona Alhamisi ya tarehe 15. Nyumba ni vyumba viwili, safi, inanukia mkate. Mama alitukaribisha lakini hakutupa mkono. Yoana alikuwa kitandani na plasta hadi gotini, na tulipoingia alijitahidi kusimama. Daktari akamkataza. Akasimama hivyo hivyo, akiwa ameshikilia egemeo la kiti kama tunavyoshika ule mti wa mazoezi wa ukutani, visigino pamoja, kidevu juu, ilhali mguu wa plasta unatetemeka.

"Naweza kurudi, mama mkaguzi," akaniambia. "Mwambie madam Januari nitakuwepo. Simona ananitumia hatua zote kwenye simu, sijasahau hata moja. Ni rafiki yangu sana."

Mama yake aligeuza uso ukutani. Nilipewa chai, nikaiacha ipoe.

Ndani ya gari daktari akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Akauliza tangu lini, na hapo nikamwomba anipe siku chache, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa tangu mwaka 1987, na mtu wa kwanza anayestahili kulisikia si yeye.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kama unasoma barua hii ukiwa umesimama, tafadhali kaa.

Machi ile, ulipolalamika kuhusu mguu wiki tatu mfululizo, mimi ndiye niliyekuwa nikiufunga bendeji kila asubuhi. Nilikusikia ukimwambia Dragieva, na nilimsikia akikujibu kwamba maumivu ni nauli ya kwenda jukwaani. Nilikuwepo mfupa ulipokatika katikati ya mazoezi. Nilisikia mlio wake. Halafu baba yako akaandika malalamiko, kamati ya watu watatu ikaja kutoka mkoani, nawe ukiwa hospitali. Kamati ikaandika kwamba ulivunjika kwa kuruka ukuta wa bweni kwenda kuonana na mvulana. Ukafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na baba yako, dereva wa treni ambaye hakuwahi kukupiga, akakupiga ukiwa bado na plasta.

Miaka yote hii umeamini kwamba aliyesema hivyo ni Mama Stoyka, mlezi wa bweni. Si yeye. Ni mimi.

Asubuhi ile kabla ya kifungua kinywa Dragieva aliniita akaniambia, "Ukweli ukitoka watafunga darasa lote, na wewe utarudi kwenu ukakamue mbuzi. Msichana akiruka ukuta, huyo ni msichana mmoja tu." Kisha akaongeza kwamba nafasi yako itahitaji mtu. Nikaenda nikasimama mbele ya wale watu watatu, mikono nyuma, nikawatazama juu kidogo ya nyusi. Nikasema kwamba nilikukataza usiruke. Walinisogezea karatasi, nikatia saini.

Yule mvulana nilimtunga mwenyewe. Dragieva hakuniagiza kumtaja. Ukuta ulikuwa umetosha. Nilimwongeza kwa hiari yangu ili wasiulize zaidi, na kwa miaka thelathini na moja sikumwambia mtu jambo hilo.

Onyesho lile ndilo lililonifungulia njia. Kuanzia pale nikapelekwa Sofia, nikapata jukwaa, kisha ofisi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, Rumyana, na nimeitembea nikiwa nimevaa vizuri. Uliponiandikia kwamba hukwenda kumzika Mama Stoyka kwa sababu ya alichokufanyia, nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yangu. Nikakujibu kuhusu hali ya hewa.

Jumatatu iliyopita niliifuta saini yangu kwenye ripoti. Daktari nilimweleza yote ana kwa ana. Hakunipa pole. Alisema, "Umenifanya nisaini uwongo, bibi, nami nilikuamini kwa sababu uliijua shule ile." Naye akaifuta yake. Wizara imesimamisha barua ya kumfukuza Yoana kwa sasa, na tarehe 14 Desemba tutasikilizwa. Wameniuliza nilijuaje kwamba Simona hasemi kweli, wakati hakuna aliyeona. Nimeandika maelezo ya mwaka 1987, kwa jina langu kamili, na mvulana wa kubuni nimemtaja. Mahali pa jina lako nimeacha nafasi wazi. Wanasema bila jina maelezo yatakuwa na uzito mdogo, na wakili wa shule atasema mimi ni mchezaji mstaafu mwenye kinyongo. Huenda ikawa hivyo. Lakini jina lako nililitumia mara moja bila idhini yako, na sitalitumia tena.

Ukiniruhusu, niandikie neno moja tu. Usiponijibu nitaelewa kwamba ni hapana, nami nitakwenda na jina langu peke yake. Asen akitaka kunijibu kwa niaba yako, na kwa lugha yoyote atakayoona inanifaa, nitaisoma mpaka mwisho. Msamaha sikuombi. Sina uso wa kuuomba.

Kuhusu Simona, watu wa wizara wanataka kumhoji tena, nami nimewasihi wamhoji mbele ya mama yake, polepole, na wasimwite mwongo. Ana miaka kumi na mitano. Bado ana nafasi ya kusema kabla uwongo haujawa kazi yake.

Msalimie mama mkwe wako. Asen msalimie kama utaona inafaa baada ya kumsomea haya. Ukifika kule mjini kwenye shule yetu, Mama Stoyka amezikwa upande wa juu wa makaburi, karibu na uzio. Siku ulipoondoka alikubebea sanduku hadi stesheni, nawe ukakataa mkono wake ukidhani anahakikisha umekwenda. Alirudi analia, akaniuliza mimi, rafiki yako, amekukosea nini. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, mshonaji akipunguza kiuno cha gauni lako linikae, na nikamwambia sijui.

Ni mimi,
Tsveta Marinova