Fumbo la Mifupa ya Mama

Chigusa, Kuroiwa ameiharibu ile sehemu ya mazishi kwenye mchezo wetu wa kompyuta. Ameiharibu kabisa.

Unakumbuka nilivyoiandika. Mwili wa mama umeshachomwa, binti anaokota mifupa kwa vijiti na kuitia chunguni, kama desturi yetu, kuanzia miguuni kwenda kichwani, mama asije akakaa kichwa chini ndani ya chungu. Mchezaji akumbuke mpangilio, basi. Fumbo ni hilo na linatosha.

Leo huyo mkurugenzi wetu kaweka saa ya kuhesabu muda. Ukikosea, king'ora. King'ora, Chigusa! Juu ya mifupa ya mama!

Nikamwambia, "Bosi, fumbo silipingi. Ondoa saa."

"Watu wananunua mchezo, bibie, hawanunui msiba. Ukitaka kuliza watu kaandike riwaya."

Nikamuuliza kama mifupa ya mama yake mwenyewe aliiokota kwa king'ora. Maana mazishini kwake tulikuwepo wote, mwaka huu huu.

Akakaa kucheza, akaokota kila mfupa bila kosa, hadi ule wa koo, unaowekwa wa mwisho. Nikadhani ameelewa.

"Rahisi mno," akasema. "Punguzeni muda."

Nikamwambia afute jina langu kwenye mchezo. Hata hakugeuka.

"Sawa. Mifupa inabaki."